Kaburi la Mtoto Asiyebatizwa

Mjukuu wangu Anastazia,

Marahaba. Hapa Goweko tu wazima, tumbaku inakauka bandani. Unauliza kama mwanao mchanga ana dhambi kabla ya ubatizo.

Mdogo wangu alipofariki kabla ya kubatizwa, katekista alikataa azikwe kwenye makaburi ya kanisa. "Ana dhambi ya asili," alisema.

"Dhambi gani?" mama akafoka. "Hata ziwa langu alikuwa hajalizoea!"

Wanaume waliokuja kuchimba kaburi wakasimama tu na majembe yao. Mama akampokonya mmoja jembe, akachimba mwenyewe, pale pale kwenye makaburi ya kanisa.

Dhambi ya asili ipo, nakubali. Siku ile niliiona kwa wakubwa waliosimama, si kwa yule aliyeviringishwa kanga. Mbatize mwanao kwa furaha, na anayekutisha mlete kwangu tubishane.

Babu yako, Severini