Pazia la Bi Mwanahawa

Jumanne

Kumbe ni pazia. Wiki nzima kazini nalinganisha maghorofa mawili yenye vyeti vya majengo ya kijani, yaani yanayookoa nishati, nashindwa kuelewa kwa nini lile la Kurasini, lenye daraja la chini, linatumia umeme kidogo kuliko la Kawe.

Leo nimempa shikamoo Bi Mwanahawa, mpangaji wa Kurasini. Mlango wake wazi, pazia linapepea.

"Mwanangu, sie mchana hatufungagi milango. Upepo utapita wapi?"

Nikatazama koridoo. Milango yote wazi, imezibwa na mapazia tu.

Kawe kila mtu kajifungia na kiyoyozi chake.

Nimefurahi hadi nimesahau kula. Kesho namwonyesha bosi. Naogopa kidogo, maana cheti cha Kawe alikisaini yeye mwenyewe.

Nampelekea hivyo hivyo.