Limebonyea Upande Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaniita ofisini. Nilidhani ni ile habari ya mashine ya namba za foleni, maana wagonjwa wanaigombeza kama mtu. Kumbe sivyo. Wanafungua kliniki nyingine ya meno, mji mwingine kabisa, na wanataka mtu wa kusimamia mapokezi. "Wewe una mdomo mtamu," kasema. "Wagonjwa wanatulia hata kabla ya ganzi." Nyumba ipo. Jibu anataka kufikia Ijumaa ya tarehe 21.

Nimerudi nyumbani na habari yangu kifuani. Fundi yuko kwenye kiti chake cha plastiki, kando ya soketi, simu puani. Nikasema nimerudi. "Mm." Nikauliza ameshindaje. "Mm." Nikakaa kwenye kochi, upande wangu, ule uliobonyea mpaka unakalia mbao. Mume wangu ni fundi makochi — anajulikana! — na kochi la nyumba yake ndilo bovu kuliko yote yaliyowahi kupita mikononi mwake. Atalishughulikia, anasema. Anasema tangu zamani.

Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia habari ya bosi, nikamwona anatabasamu. Simu ndiyo anayoitabasamia! Nikafunga mdomo.

Jumatano, 5 Machi

Sasa anaingia nayo bafuni.

Leo kaisahau mezani alipotoka kumfungulia msoma mita. Kioo kikawaka. Sikuigusa. Macho tu. "Asante mpenzi! Tangu jana nayafikiria maneno yako." Maneno yake! Fundi! Mtu ambaye maneno yake ya wiki nzima yanaenea kwenye kijiko cha chai!

Sikulia. Nilipiga pasi mashati yake yote, hata yasiyomwenea tena. Moyoni nimeshajibu: ninakwenda. Uzuri wa uhamisho ni kwamba hakuna atakayesema nimemwacha mume. Watasema nimepandishwa cheo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia binti yetu, kitindamimba, yuko chuo. Nilitaka kumwandaa taratibu, lakini yakanitoka yote kwa mkupuo: baba yako ana mtu. Nikamtajia yale maneno. Akaangua kicheko, kicheko mpaka akapaliwa.

"Mama! Huyo 'mtu' ni Baba mwenyewe!"

Ndivyo nilivyojua habari za Dada wa Kaa Kitako. Kaa Kitako ni jina la karakana ya Fundi. Tangu mwaka jana ina ukurasa mtandaoni, binti ndiye aliyeufungua, na mimi nilijua ni picha za makochi tu. Mwanzoni Fundi alijibu wateja mwenyewe. Mteja: Bei? Fundi: Ya nini? Mteja: Ya hilo kochi la kijani. Fundi: Limeuzwa. Na picha haiondoi! Mwingine akauliza kama linakalika vizuri. Fundi: Kalia ujue. Wateja wakatimka. Binti akamwambia, Baba, jifanye dada wa huduma kwa wateja, andika kwa upole. Na Kiswahili hakikumwumbua. "Yeye" ni yeye tu, mwenye ndevu na asiye nazo.

Sasa Dada ana mashabiki. Anawatuliza watu waliocheleweshewa viti, anawauliza hali za watoto. Mama mmoja kamletea zawadi ya mtandio. Muuza vioo mmoja anataka kujua kama ameolewa.

Nikauliza mtandio uko wapi. Binti akasema Baba anafutia vumbi la mbao.

Jumapili, 9 Machi

Nimesoma majibu ya Dada chini ya kila picha, mpaka chai ikapoa.

"Pole kwa kusubiri, mpendwa. Niambie taratibu, nakusikiliza."

Hayo anamwambia mtu asiyemjua, anayeulizia stuli! Mimi nilipoungua na pasi aliniambia, "Pasi si ya kuchezea."

Nina hasira. Nina wivu pia, wivu kabisa. Na mwanamke ninayemwonea wivu ni mume wangu. Hebu haya nimweleze nani, akae anisikilize bila kucheka?

Kwenye droo kuna simu yangu ya zamani na laini yake, namba ambayo Fundi hakuwahi kuihifadhi hata enzi zake. Nimeichomeka kwenye chaji.

Jumatatu, 10 Machi

Jioni. Yeye kwenye plastiki yake. Mimi kwenye shimo langu. Simu ya zamani nimeificha nyuma ya mto wa kochi.

Nikamwandikia Dada, kwa namba iliyo ukurasani: Habari. Nina kochi la watu wawili, limebonyea upande mmoja.

Simu yake ikatetemeka. Akavaa miwani. Akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja, kama anayebonyeza kengele ya mlango wa watu.

"Karibu sana mpendwa, na pole. Upande uliobonyea anakaa nani?"

Mimi.

"Na upande wa pili?"

Siku hizi hakai mtu.

Akasita. "Anaandika..." Akaacha. "Anaandika..." Nikamwangalia ng'ambo ya meza. Anauma mdomo, anatafuta neno! Mume wangu anatafuta neno la kuniambia! Kisha likaja:

"Basi usililaumu kochi, mpendwa. Sponji inachoka haraka ikibeba peke yake."

Nilibana pumzi mpaka masikio yakavuma. Fundi akavua miwani, akanigeukia, akasema kwa sauti: "Mama, mboga leo chumvi imezidi."

Alhamisi, 13 Machi

Siku hizi mimi ndiye ninayeingia na simu bafuni.

Leo nimemuuliza Dada: nilitengeneze, au nilitupe nitafute jingine? Akauliza, ukilitikisa linalia? Nikasema halilii, limenyamaza tu. Akajibu kama lilikuwa swali la maana kuliko yote aliyoulizwa mwaka huu: kama halilii basi fremu ni nzima, na kama fremu ni nzima usitupe. Kilichochoka ni sponji na kitambaa, na hivyo vinabadilishwa.

Nikaandika kabla sijajizuia: Mume wangu haoni hata kama limebonyea.

"Huenda anaona, mpendwa. Huenda hajui aanzie wapi."

Nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nimesoma hiyo meseji hadi kioo kikazima chenyewe. Akagonga mlango. "Unamaliza lini?" Hiyo ndiyo sauti ya Dada, wapendwa wateja.

Jumamosi, 15 Machi

Hakuna meseji. Nimechungulia simu kutwa nzima kama msichana wa shule. Fundi tumepishana koridoni. "Mm."

Nimetoa sanduku la safari uvunguni, nikalifuta vumbi. Hakuuliza.

Jumatatu, 17 Machi

Lazima niandike hili kama lilivyotokea.

Asubuhi kliniki imejaa. Mashine ya namba imegoma. Simu ikaita, mama mmoja, shavu limevimba, analia. Nikasema, kama ninavyosema kila siku ya Mungu: "Pole kwa kusubiri, mpendwa. Niambie taratibu, nakusikiliza."

Yule mama akaanza kusema halo, halo. Mimi nimeduwaa na simu sikioni. Hayo ni maneno ya Dada! Hapana — Dada ndiye mwenye maneno yangu!

Saa ya chakula nikampigia binti. Akashangaa. "Kwani hukujua? Nilimwambia Baba aandike kama unavyoongea na wagonjwa. Akasema hajawahi kukusikia ukiongea hivyo. Akaja kwenu kusikiliza."

Nikaikumbuka siku yenyewe. Alikuja anashika shavu, akakaa kwenye benchi asubuhi nzima. Namba yake ilipoitwa hakuinuka. Nikamfuata, mbele za watu: "Kama huumwi toka, unabana nafasi ya wagonjwa." Akatoka. Nilikasirika mpaka jioni, nikasema huyu mtu hata kuumwa hajui.

"Unajua alisema nini aliporudi?" binti kaniuliza. Nikasema sema. "Alisema, mama yako ana maneno mazuri sana. Sijui akirudi nyumbani huwa anayaacha wapi."

Imeniuma. Nimeitafutia jibu njia nzima. Nimechoka, ndiyo jibu. Kutwa nzima ni pole mpendwa, karibu mpendwa. Nikifika mlangoni kwangu midomo imekauka. Lakini naye amechoka. Kutwa nzima anapiga misumari. Na mimi nikiingia nasema "nimerudi", kama mtu anayegonga muhuri.

Jumanne, 18 Machi

Nimejaribu. Nimempakulia chakula, nikasema kwa ile sauti ya kazini: "Pole kwa kusubiri, mpendwa."

Kijiko kikasimama hewani.

"Unaumwa?"

Nikasema siumwi.

"Wamekudunga kitu huko kazini?"

Hawajanidunga. Akala polepole, ananitazama kwa pembe ya jicho kama mtu aliyerudishiwa chenji nyingi kuliko anayostahili. Simu yake ilitetemeka mezani, muuza vioo bila shaka. Hakuishika.

Alhamisi, 20 Machi

Bosi kauliza tena. Kesho mwisho, kuna mwingine anaitaka nafasi. Nimeshajaza barua ya kukubali, imebaki sahihi.

Kabla ya kutoka nyumbani nilipiga picha ya kochi, ya kumtumia Dada. Kiti cha plastiki kikaonekana pembeni. Nikakikata. Soketi ikaonekana. Nikaikata. Zikaonekana kandambili za Fundi, moja imelala chali. Nikazikata nazo, kochi lenyewe likabaki nusu! Nikachoka kujificha. Nimetuma picha nzima, na kiti, na soketi, na kandambili. Chini nikaandika: Naomba fundi aje kesho asubuhi aone kama linatengenezeka. Kama halitengenezeki, ninahama na sitalihitaji. Nyumba anaijua.

Alama mbili. Zikawa za bluu. "Anaandika..." Ikapotea. "Anaandika..." Ikapotea. Nikamaliza zamu, nikafika nyumbani, hakuna kitu.

Yeye naye karudi. Kala. Kavaa zile kandambili, kazitazama kidogo. Kalala. Hata "mm" leo sikuipata.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeomba ruhusa ya asubuhi. Bosi amesema sawa, ila jibu liwe mezani kwake kabla ya adhuhuri. Fundi alitoka mapema bila neno. Nikasema basi. Nikafungua sanduku, nikaanza kukunja nguo.

Simu ya zamani ikalia. "Mpendwa mteja, fundi yuko njiani. Tafadhali usikunje kitu mpaka afike." Usikunje! Ina maana aliliona sanduku. Aliliona siku ile ile!

Kisha hodi. Mlangoni kwake mwenyewe, na ufunguo uko mfukoni! Nikafungua. Amenyoa. Utepe wa kupimia shingoni, roli la sponji mpya kwapani.

"Nimeambiwa kuna kochi," akasema, anautazama ukuta.

Nikamwambia karibu. Kazi ikaanza. Akalipima kochi alilolitengeneza mwenyewe tulipooana, kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Akalitikisa. Halikulia. Akaweka kiganja upande wangu, akakandamiza mpaka kwenye mbao, akakiacha hapo kwa muda. "Hapa pamekwisha kabisa," akasema. Kisha akazunguka, akakaa. Upande wa pili. Mimi nikakaa kwangu. Tukatazama kile kiti cha plastiki kikiwa kitupu. Kinachekesha kutokea huku, kidogo hivi, kama cha mtu anayesubiri basi.

Nilimwambia kwa mdomo. Yote: bosi, mji, nyumba, jibu la leo. Nilitaka iwe kwa sauti ya kliniki, ikatoka ya nyumbani, na katikati ikavunjika. Akasikiliza. Hakushika simu. Nikamaliza, nikasubiri.

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena. Mishipa ya shingo ilimtoka, Mungu wangu, kama anayeinua kabati. Hakikutoka kitu.

Nikasema ngoja niweke chai. Ndiyo niko jikoni, naandikia juu ya meza ya mboga, machozi yananidondokea kwenye wino na sijali. Barua iko hapa, kalamu ndiyo hii.

Ameita! "Mama!" Nimeitika. Nimeitika tena: sema, nakusikiliza.

"Nilikuwa nalo hapa," amesema kutoka sebuleni. "Limenitoka. Usiende popote. Ngoja nikuandikie."

Simu mbili mezani. Mpya inaita, ni bosi. Ya zamani imewaka: "Anaandika..."