Mavi ya Zizini Yanaenda Wapi

Jumatatu, 3 Machi
Nimepima kuni za jikoni tena. Mizani ile ile, mgongo unauma vile vile. Zinaisha haraka kama zamani, na bayogesi ipo, majiko yake yapo. Nimesoma geji ya mtambo: gesi kiduchu. Nani anapika na nini hapa? Kazi yangu hapa chuoni ni kupunguza hewa ukaa: ya jenereta nimeshaipigia hesabu, na ya magari yanayopeleka wanafunzi wa utalii kreta pia. Jiko tu ndilo linaniumbua. Mkuu wa chuo amesema kuni zisipopungua muhula huu, mtambo unafungwa.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Mama Paskalina, mpishi mkuu, katoka misa ya asubuhi na msalaba wa majivu kwenye paji la uso. Jikoni kwake majivu ni mengi zaidi. Nikamuuliza kuhusu gesi. "Mwalimu, hiyo gesi yako inazimika maharage bado magumu. Wanafunzi wale nini?" Kajibu haraka mno. Sikupenda.

Watu wake wa jikoni ndio wanaosomba mavi ya ng'ombe kila asubuhi, toka zizini mpaka kwenye mtambo. Zizi limejaa ng'ombe. Mtambo una njaa. Hapo katikati ni yeye.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejua! Trekta la kuni limeingia kutoka kijiji cha Daa, na dereva ni kaka yake Mama Paskalina. Tumbo moja. Miaka yote hii niko chuoni, hakuna aliyeniambia. Wamesalimiana Kiiraqw, na mimi wa Rhotia nimesikia kila neno: habari za mama, habari za mahindi. Basi. Lakini nani atapanga mambo yake mbele ya mtu mwenye mizani?

Kuni zikipungua, kaka anakosa kazi. Kwa hiyo mtambo unalazwa njaa. Nina hasira.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepita zizini mapema. Safi. Mavi yamezolewa, na toroli la jikoni bado limeegeshwa ukutani, kavu. Yamekwenda wapi? Lemayian, mchungaji wa ng'ombe wa chuo, alikuwa anakamua. Nikamuuliza nani kazoa. "Yamezolewa, mwalimu." Ndiyo, naona. Huyu naye anakula jikoni kwa Mama Paskalina. Bila shaka kamsaidia kuyaficha, na sasa anamlinda.

Jumanne, 11 Machi
Nimemwambia mkuu. Nilianza na "nahisi". Kufika katikati nilikuwa nasema "najua". Mchana Mama Paskalina kavuliwa upishi mkuu, kapangiwa kufagia mabweni. Hakufagia. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza, akapanda bodaboda kwenda kwao Rhotia. Wapishi wenzake walisimama mlangoni wananitazama.

Nimefurahi. Naandika kama ilivyo.

Alhamisi, 13 Machi
Mpishi mkuu mpya, gesi ile ile kiduchu. Toroli limerudi nusu.

Asubuhi nilijibanza nyuma ya zizi. Wakaja wanawake wawili na ndoo: Nashipai, mke wa Lemayian, na mama mkwe wake. Wamehamia hapa majuzi tu kutoka Nainokanoka. Hawakunyata. Waliponiona wakanisalimia kwa furaha, wakazoa mavi mabichi, wakaondoka. Nikawafuata mpaka nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Kuna nyumba mpya ya fito, ukuta mmoja tayari umesiribwa kwa mavi, mingine inasubiri. Wanaiwahi masika.

Nikauliza nani kawaruhusu. Nashipai akacheka kwanza, akidhani natania. "Mwalimu, mavi nayo yanaombwa? Kwetu nyumba anajenga mwanamke. Mavi ya zizini ni yake."

Nikarudi kwa Lemayian. Kwa nini hakuniambia?

"Hayo ni mambo ya akina mama, mwalimu. Mimi mwanaume nitayasemea nini?"

Wakati wote huo watu wa jikoni walikuwa wanasomba makombo na kudhani ng'ombe ndio hawashibi. Nimeona haya mpaka masikio yamewaka moto. Mama Paskalina hakugusa kitu. Maharage yalikuwa magumu kweli.

Ijumaa, 14 Machi
Mkuu kakubali kosa upesi, kwa kuwa ni langu. Kampigia simu Mama Paskalina arudi kwenye nafasi yake. Kakataa. "Mwambie mwalimu apike yeye." Akakata simu.

Nashipai atachukua mavi ya mchana mpaka nyumba iishe, ya asubuhi ni ya mtambo. Geji itapanda, kuni zitapungua, mkuu atapiga picha. Nilichokitaka nimekipata, na kinanichefua.

Jumapili, 16 Machi
Misa Rhotia. Manyunyu.

Mama Paskalina alikaa benchi la mbele yangu. Padri aliposema tutakiane amani, akageuka. Akampa mkono mzee wa kushoto kwangu, akainama kidogo kwa heshima. Akampa dada wa kulia, akamuuliza na hali ya mtoto. Mkono wangu ulikuwa umenyooshwa katikati yao. Aliuona. Akageukia altare.

Nilibaki mpaka wimbo wa mwisho, kisha nikarudi nyumbani kwa miguu.