Daraja la Nne

Igogo, Mwanza

Dada Jovitha, shikamoo.

Sasa hivi mwanangu Muganyizi ametafuna kona ya cheti changu cha kidato cha nne. Nimemnyang'anya, analia, na dada niliyekaa naye benchi hapa nje ya ofisi ya wakili ananicheka: "Si ungemwacha amalize, mama Muganyizi! Ungesema kimeliwa."

Wanatafuta mchapaji. Pale steshenari Nyakato mikataba ya viwanja naichapa mimi, hata ya wakili huyu mwenyewe, ingawa hanijui kwa sura. Husifu kwamba haina kosa. Lakini katibu wake aliponipigia na kuuliza nilipata daraja gani, mdomo wangu ukasema la tatu. Wewe unajua ni la nne. Mwaka ule mama alikuwa kitandani na mimi ndiye niliyekuwa namuuguza. Miaka tisa imepita, bado wanauliza.

Kazi hii naitaka mno, Dada. Ila sitaki kuchapa kila siku nikiogopa faili langu. Kwa hiyo nikiingia tu, kabla hawajaniuliza chochote, nitamwambia wakili kwamba siku ile kwenye simu nili

Wameniita jina. Naingia na mtoto mgongoni.

Kokulinda