Kompyuta Yako Iliyokataa Kuamka

Yaya Kambale, kaka yangu,

Sijui kama maneno haya yatakufikia huko uliko. Nayaandika hata hivyo, kwa sababu nataka yaliyoipata kompyuta yako uyasikie kwangu mimi, mdogo wako, kabla hujayasikia kwa mtu mwingine.

Unakumbuka uliponifundisha kuandika? Ulifunika mikono yangu kwa kitambaa cha kichwa cha Mama ili nisiangalie herufi, nami nikaandika jina langu kwa makosa hata ukacheka mpaka ukakohoa. Baadaye ulinipa kazi. Jumamosi ulikuwa unaandika nyimbo za kwaya, na mimi nilikaa pembeni nikikusomea noti kutoka kwenye karatasi: d, d, m, s. Nilipokosea, hukunikaripia. Uliimba kosa langu jinsi lilivyo, kwa sauti yako nzito, mpaka mimi mwenyewe nikaziba masikio. Ndivyo nilivyojifunza kusoma polepole.

Ulipoondoka kwenda Goma kutafuta maharagwe ya depo, duka letu la jumla, uliiacha kompyuta juu ya meza hii na kusema utarudi kabla sijamaliza mitihani. Halafu vita vikaingia mjini kule. Ulipiga simu mara ya mwisho huku watu wakisikika nyuma yako, ukaniambia, "Niko muzima. Ambia Mama asisikilize radio." Tangu siku hiyo simu yako haiiti. Barabara zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, maharagwe ya Kivu hayafiki tena hapa Lubumbashi. Mama amefunga depo. Asubuhi anafagia mbele ya mlango wake kama zamani, anarudi nyumbani.

Mimi nimemaliza shule, Yaya. Karibu na soko la Kampemba kuna mama mmoja mwenye secrétariat, wanapoandikia watu barua na kuwatolea fotokopi. Aliniambia ana meza wazi kwa msichana anayejua kuandika haraka, ila aje na kompyuta yake. Nikafikiri juu ya kompyuta yako. Mama alikubali nikaijaribu.

Haikuamka. Unaijua betri yake, ilikufa siku nyingi, bila umeme wa ukutani haiishi. Niliichomeka, chapa ikatokea, vidoti vikazunguka, yakaja maneno ya Kifaransa kwamba inajirekebisha, nisiizime. Kabla haijamaliza, umeme ukakatika. Umeme uliporudi, nikaanza tena. Safari hiyo ngurumo ikapiga, na unamjua Mama: ngurumo ya kwanza tu, anapita nyumba nzima akichomoa kila waya, pasi, friji, hata taa. Siku nyingine umeme ulirudi, majirani wakaja wote na simu zao za kuchaji kama kawaida, tukawasha friji papo hapo, umeme ukashuka na kompyuta ikazimika. Mwishowe ikawa haifiki hata kwenye maneno. Ilibaki kioo cheusi na vidoti vyake vikizunguka.

Nilimpelekea fundi wa pale kwenye njia ya soko, Papa Ilunga, yule aliyekuuzia chaja. Alichomoa kila kitu, akatoa kibao cha kumbukumbu na kukisugua kwa gomu, kifutio cha wanafunzi, akakirudisha. Vidoti vikazunguka vilevile. Akaweka sikio kwenye diski kama daktari. Kisha akaniambia, "Masini iko muzima. Njo système ilikufa. Tunafuta yote, tunaweka ya mupya, kesho iko natumika."

Nilimuuliza kama, akiibadilisha programu yake, nyimbo zako zitabaki. Akasema kufuta ni kufuta.

Niliirudisha nyumbani na kumweleza Mama. Alikuwa anachambua majani ya muhogo ya sombe. Hakuinua kichwa. "Vintu ya muntu mwenye hatuyamulilia, hatufutake," akasema. Unaelewa alichokuwa anasema. Kwetu nguo za mtu hazigawiwi, kitanda chake hakitolewi, mpaka siku tumekaa chini kumlilia. Nikiifuta kompyuta yako, basi nimekulilia peke yangu, bila kumwambia yeyote. Lakini nisipoifuta, meza ya Kampemba itapewa mwingine, na depo imefungwa. Mama alijua hayo yote. Aliendelea kuchambua majani. Usiku sikulala kwa amani.

Ndipo nikajiuliza swali ambalo Papa Ilunga hakuniuliza: je, imewahi kuachwa ikamaliza? Hata siku moja haikupata umeme usiokatika. Labda haikufa. Labda kila mara tuliikata katikati ya maneno, nayo ikawa inarudia mwanzo.

Umeme usiokatika uko kanisani, kwa sababu ya zile paneli za jua walizowekea kinanda na spika. Unanijua, Yaya. Miaka yote nimeimba safu ya nyuma ili nisionekane. Ilinibidi nisimame mbele ya kina mama wa usafi, Jumamosi, na kuomba. Nilisema kwa sauti ndogo mpaka wakaniambia nirudie.

"Mutoto wa Mama Kambale ametuletea mugonjwa," mmoja akasema. "Tumuombee?"

"Kwanza aungame," akajibu mwenzake, na wote wakacheka, hata mimi. Wakanifungulia chumba kidogo nyuma ya madhabahu.

Niliichomeka peke yake. Vidoti vikazunguka. Kina mama walifagia, wakamwaga maji, wakasugua mabenchi, wakaimba. Vidoti vikazunguka. Mkono wangu ulitaka kubonyeza, nikaukalia. Baada ya muda mrefu maneno yakarudi kwamba inajirekebisha, namba ikapanda kidogo, ikasimama mahali pamoja hata nikaanza kufikiri nitamwambia Mama nini. Ikazimika. Nilifumba macho. Ikajiwasha yenyewe.

Mama alikuwa amefika kunitafuta, amesimama mlangoni na kikapu chake. Kioo kikawa cha bluu, na katikati yake kukaandikwa jina lako, na chini ya jina neno moja la Kifaransa.

"Inasema nini?" Mama akauliza.

"Inasema: karibu, Kambale."

Mama aliweka kikapu chini. "Karibu," akasema polepole, jinsi anavyomwambia mtu aliye mlangoni. Kisha akakaa kwenye kiti na kuniomba nimwonyeshe. Nyimbo zako zote zipo. Ule wa mwisho umefika kwenye mstari wa tatu, sauti ya wanawake tu. Sikuongeza hata herufi.

Alipotazama vya kutosha, akaniambia, "Tumika nayo. Lakini fasi yake usiiguse."

Nilifanya alivyosema. Nimejitengenezea nafasi yangu pembeni ya yako, yenye jina langu, na kazi za watu naziweka huko. Sasa nina meza Kampemba. Nimeandika maombi ya kazi, matangazo ya ndoa, na barua ya mzee mmoja kwa mwanawe aliye Mitwaba. Wateja wakiongea haraka, nawaomba warudie. Nimezoea.

Sijui tukulilie au tukungoje, Yaya. Mama hajasema, nami simwulizi. Ila kila asubuhi nikiiwasha, kompyuta inaleta majina mawili kwenye kona, lako juu na langu chini, na inauliza ni nani kati yetu amefika. Nabonyeza langu. Lako naliacha hapo, lingojee uje ulibonyeze mwenyewe.

Kaa salama popote ulipo. Mama anakusalimu.

Ni mimi, mdogo wako,
Kahindo