Kabla Hamjawakata Mikia

Nyumbani kwa Nzilani Munyoki,
Mtaa wa Maringo,
Nairobi.

21 Julai 1996

Mpendwa mpwa wangu Mukami,

Mmeamkaje huko kwenye umande? Kifua cha mwanao Irungu kimepona, au bado anakohoa usiku? Na baba yako, shemeji yangu Ng'ang'a, bado anabishana na redio wakati wa taarifa ya habari? Ngigi, mtunza kondoo wenu, naye mgongo wake umekuwaje tangu lile gunia la viazi? Nauliza yote kwa pamoja kwa sababu huku hakuna mtu wa kunijibu, na kuuliza kwenyewe kunanipa raha.

Sisi tupo. Binti yangu Nzilani anaenda kazini kama kawaida, bado ni karani kule mahakama ya Makadara, na jioni hurudi amechoka, viatu mkononi. Maji yamekuwa ya shida tena. Yakija tunajaza kila chombo, hata ile sufuria kubwa ya harusi ya marehemu mke wangu. Baridi ya mwezi huu si ya mchezo.

Blanketi ulilonifumia lilifika. Nthoki, jirani yetu, alilishika akasema, "Hili si blanketi, hili ni kondoo mzima amelala!" Nilicheka. Sufu umeisokota vizuri, nyuzi hazina vinundu, na mimi si mtu wa kusifu ovyo sufu. Asante, mwanangu. Mama yako, dada yangu Wanza, angekuwa hai angelivaa mabegani kwenda nalo kanisani.

Sasa kuhusu hapa nilipo. Tangu wezi waingie nyumba ya jirani mchana kweupe, Nzilani akitoka hufunga mlango kwa kufuli upande wa nje. Simlaumu, miguu yangu haiwezi kumfukuza hata kuku. Ufunguo wa pili anao Nthoki, yule anayeuza muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa pale kwenye kona, naye huja mchana kunipa chakula na kumwaga beseni. Saa nyingine zote ni mimi, kitanda, na dirisha la vyuma. Dirisha liko juu, kwa hiyo naona vichwa tu vikipita. Kuna kofia moja nyekundu ambayo nimeizoea kama rafiki, ingawa sijui mwenyewe anafananaje kuanzia shingoni kwenda chini.

Nimesoma barua yako mara kadhaa. Unasema wana-kondoo wenu wamefikia kukatwa mikia, na kwamba afisa wa mifugo amekwambia siku hizi iko dawa ya ganzi ya kuwadunga kwanza. Unasema wewe unaitaka, lakini Ngigi anacheka. Umeniandikia maneno yake kama alivyoyasema, nami nimemsikia kabisa: "Kondoo angekuwa anaumwa si angelia? Mbuzi ukimgusa tu, kijiji kizima kinajua. Kondoo ukimkata kwa kisu anasimama tuli kama askari. Ganzi ya nini? Muulize huyo mjomba wako, alikata maelfu." Na umeniambia kwamba nitakalosema mimi ndilo atakalofuata, kwa kuwa nilisomea kazi hiyo na kuifanya hadi nywele zikageuka mvi.

Nianze na lililo rahisi. Mkia lazima ukatwe. Kondoo wa sufu si kama hawa wetu wa Ukambani wenye mkia wa mafuta. Sufu ya nyuma hushika kinyesi, nzi hutaga humo, na funza wakamla mnyama akiwa hai, anatembea, anakula majani. Nimeona hilo na sitaki ulione. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kumhurumia ni kumwacha na mkia wake wote. Kata, ila usikate mfupi mno. Jike lazima abaki na mkia wa kutosha kufunika sehemu zake za siri, la sivyo jua na magonjwa yatampata huko baadaye. Chagueni asubuhi kavu, mahali pasipo matope, na mama yake awe karibu anamsikia.

Lililo gumu ni lile la kisu na kusimama tuli.

Ukimfunga mwana-kondoo pete ya mpira kwenye mkia, anagaagaa. Anapiga teke, analala, anaamka, anageuka kuutazama mkia wake kama aliyeitwa jina. Kila mtu anaona anaumwa. Ukimkata kwa kisu, hafanyi lolote katika hayo. Anasimama. Miguu ameitanua kidogo, kichwa chini, masikio yamelegea, mgongo umepinda. Anaweza kukaa hivyo muda mrefu. Watu wa shambani walikuwa wakipenda kisu kwa sababu hiyo, na mimi niliyekuwa na cheti ukutani nilikuwa nikiwaambia vijana wapya, "Akisimama kimya, jua mmefanya kazi safi." Nilisema hivyo mwaka hadi mwaka, kwa sauti ya mwalimu. Namkumbuka mmoja ambaye mama yake alimwita mpaka sauti ikamkauka, na maziwa yanamdondoka, naye hakupiga hatua. Nikasema amechoka.

Mukami, hajachoka. Amesimama kwa sababu kila njia ya kusogea inauma kuliko kusimama. Na halii kwa sababu kondoo hakuumbwa kulia. Mnyama anayewindwa akionyesha udhaifu ndiye anayeliwa, basi yeye hufunga mdomo. Mbuzi wa Ngigi ana kelele, kweli. Kelele na maumivu ni vitu viwili.

Utaniuliza nimejuaje, maana vitabu nilivyosomea havikuniambia hivyo.

Wiki iliyopita nilitaka kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Nikafika katikati, nikashika ubao wa kitanda, nikashindwa kwenda mbele na kurudi nyuma. Nikasimama hapo. Sijui ni muda gani, ila uji wa kwenye chupa ulikuwa umepoa nilipokuja kuunywa. Nthoki akafungua kufuli, akanikuta. Akaweka bakuli chini, akapiga saluti.

"Mzee Munyoki! Gwaride limeisha, wimbo wa taifa wameshaimba, kaa chini bwana!"

Nikatabasamu. Nikamwambia nilikuwa nanyoosha viungo.

"Nyoosha, nyoosha," akasema. "Wewe ni kama hizi nyumba za Maringo. Zimechakaa lakini hazilii."

Akanishika kwapani akanikalisha, huku akinihadithia mteja aliyemlipa kwa noti iliyochanika. Nilikuwa namsikia kwa mbali. Macho yangu yalikuwa sakafuni, kwenye miguu yangu mwenyewe, jinsi ilivyokuwa imetanuka. Nikajua nimeuona mkao huo wapi.

Sasa nasema lile ambalo sijamwambia mtu, nawe ulipokee polepole. Ninaumwa. Ugonjwa umeingia kwenye mifupa ya nyonga na ya uti wa mgongo, hilo mnalijua nyote. Msilolijua ni kwamba unauma. Unauma tangu kabla ya Krismasi, mchana na usiku, na hakuna upande wa kulalia. Blanketi lako, nisamehe, siwezi kuuvumilia uzito wake, lakini kila jioni Nzilani hunifunika nalo mwenyewe na kulikunja vizuri miguuni, kisha huniuliza kama nimepata joto. Nasema ndiyo. Akishalala nalisogeza kwa kidole, kidogo kidogo, mpaka lidondoke.

Dawa ipo. Tulipokwenda kliniki mara ya mwisho, daktari aliniuliza, "Mzee, maumivu yakoje?" Nzilani alikuwa ameketi pale pale, ameshika koti langu mapajani. Nikajibu, "Ya uzee tu, daktari." Akasema kuna dawa ya maji, chungu, ya kunywa kwa kijiko, ambayo hupewa wagonjwa wa aina yangu, na kwamba inatuliza kweli. Lakini haandikiwi asiyeumwa. "Siku ikibadilika, semeni," akatuambia. Siku ilikuwa imekwisha kubadilika kitambo. Nikafungwa vifungo vya koti, tukarudi nyumbani na vidonge vile vile vya kichwa.

Kwa nini sisemi? Nimejiuliza sana, maana muda wa kujiuliza ninao.

Wewe hukuwako wakati mke wangu Ndete alipokuwa akifa. Alikuwa na ugonjwa kama huu, naye alilia. Alilia wiki nzima nzima, majirani wakawa wanafunga madirisha. Nzilani ndiye aliyemuuguza, mimi nilikuwa kazini huko mashambani, nakuja mwisho wa mwezi. Tangu hapo akisikia mtoto analia sana hutoka nje. Nilipougua mimi, alinisafisha siku moja, akanivuta shati, akaniambia, "Baba, heri wewe. Ugonjwa wako una adabu. Kilio cha mama bado nakisikia hata nikiwa ofisini. Sitakiweza mara ya pili." Alisema huku anacheka kidogo, kama mtu anayetaka usione anachoomba.

Tangu siku hiyo kufuli la pili liko mdomoni mwangu, na ufunguo wake sina.

Wazee wa kanisa wakija Jumatano jioni, Nzilani huwaambia mlangoni kabla hawajaketi, "Mungu ametutendea, baba hana maumivu hata kidogo." Nao hushukuru. Mzee Kiema, anayeongoza ibada, amenitolea mfano mbele ya watu: "Tazameni mtu aliyeshikwa mkono na Bwana!" Wananiimbia. Mimi nalala katikati yao nimeuma meno, nasema amina. Kila amina inaufanya mdomo wangu kuwa mzito zaidi kufunguka. Nikisema leo, atajua kwamba nilimdanganya miezi yote hii, kwamba kila alipoenda kulala upande wa pili wa pazia akiwa na amani, mimi nilikuwa macho. Nimejaribu. Ijumaa aliniletea chai, nikasema, "Nzilani." Akasema, "Naam, baba," akasimama pale na kikombe. Nikamwambia sukari imezidi.

Kwa hiyo sikia ninachokuomba, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu kwa siku tatu.

Kwanza, mwambie Ngigi kwamba mjomba amesema asubiri ganzi. Afisa adunge karibu na shina la mkia, mngoje, mfinye ngozi mwone kama mnyama hashtuki, ndipo mkate. Mwambie mjomba mwenyewe alikata bila ganzi, na kwamba alikosea. Asipoamini, msomee barua hii yote. Mbele ya Ngigi sina aibu. Aibu yangu iko hapa ndani ya nyumba.

Pili, ukishaisoma, shuka hadi posta umpigie simu Nzilani. Mpigie kazini, si kwa jirani, ili awe na watu karibu naye na asiwe peke yake na ukuta. Mwambie, "Baba yako ana maumivu." Mwambie arudi kwa yule daktari akaombe dawa ya maji. Akikuuliza tangu lini, sema mjomba ameandika kwamba maumivu yameanza juzi juzi. Najua nakutuma uongo, na wewe ulilelewa vizuri. Huo mmoja nibebee. Sitaki ahesabu nyuma.

Na umwambie kwamba sitalia. Au la, usimwambie hilo. Sijui kama nitaweza kulitimiza. Huenda akiingia na ile chupa mkononi nitalia kwa miezi yote niliyonyamaza, na hapo itabidi aukumbuke uso wangu ukiwa hivyo. Hilo linanitisha kuliko mifupa. Lakini nimesimama pale pale tangu Krismasi, mwanangu, na sioni anayekuja isipokuwa wewe umlete.

Leo ni Jumapili, ameenda kanisani, ndiyo maana nimeweza kumaliza. Sina mtu wa kuipeleka barua hii posta isipokuwa yeye. Nthoki hajui kusoma anwani na huwa anapoteza vitu. Kwa hiyo kesho asubuhi nitampa Nzilani mwenyewe, ataitia mkobani na kuipeleka akienda Makadara. Ataniuliza nimekuandikia nini kirefu hivi. Nitamwambia ni mambo ya kondoo.

Nisalimie baba yako, umwambie redio haimsikii. Msalimie Irungu, na Ngigi, ambaye si mtu mbaya hata kidogo, ni mtu aliyefundishwa na watu kama mimi. Wasalimie kina mama mnaosokota nao sufu. Mungu awatunze, awape malisho mwaka mzima, na mikono yenu iwe myepesi juu ya kila kiumbe anayeshindwa kusema.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,

Munyoki