Nyama ya Idi Iliyopotea Alama

Ibra, Sharqiyah,
Oman.
12 Juni 2025.

Mpendwa Mama mdogo Kuruthum,

Shikamoo. Natumai unasoma haya ukiwa mzima, na goti limepata nafuu kiasi cha kupanda ngazi za nyumba yako bila ya kumtukana aliyezijenga. Sisi huku wazima wa mwili, alhamdulillah. Joto limeshika hasa, maji ya bomba la baridi yanatoka moto karibu wa kutosha kwa chai.

Kuhusu mama, sitakuficha. Tangu Shaabani hajaniita jina langu. Ananishukuru kwa kila kikombe cha maji kama mgeni anayemshukuru mwenye nyumba, na hilo linaniuma kuliko kama angenigombeza. Nilijipa moyo kwamba Idi ya kuchinja itamrudisha, akionja chakula chake mwenyewe atanijua. Kaka Aflah aliniambia, "Rawya, khalas, usijitese." Nilimnunia siku mbili.

Hata hivyo alikwenda soko la Sinaw akaleta mbuzi mzuri. Nyama ya kuzika tanurini mama hakuwahi kuniachia, kazi yangu miaka yote ilikuwa kumenya thomu. Viungo vyake unavijua. Wenzetu hapa hutia thomu, bizari, pilipili na siki, lakini yeye huongeza ukwaju na karafuu nyingi, kama mlivyofunzwa na bibi huko pwani mlikokulia. Nilifuata hivyo hivyo, nikaionja mbichi kwa ncha ya ulimi kama anavyofanya yeye.

Tanuri la mtaa wetu ni shimo moja ardhini la familia kumi na mbili. Nyama hufungwa kwa majani ya mgomba, ikatiwa katika mfuko wa makuti, na kila nyumba hufunga alama yake kwa waya ili mifuko isichanganyike. Alama ya mama ni mkono wa birika bovu. Niliufunga, nikaingia ndani kunawa mikono, mama nikamwacha amekaa kando ya mfuko. Wanaume walipokuja kuuchukua sikuutazama tena.

Siku ya tatu walipofukua, mifuko miwili haikuwa na alama. Mmoja ulikuwa wa jirani yetu Bi Ghadeer, ambaye alifunga yake kwa uzi badala ya waya, na uzi ukaungua. Nitamsamehe, ila si wiki hii. Wa pili ulikuwa wetu. Mkono wa birika niliukuta mfukoni mwa gauni la mama. Aliufungua mwenyewe, pengine aliona ni takataka tu.

Nyama ya watu hailiwi kwa kubahatisha. Tukasimama tunatazamana, mpaka Bi Ghadeer akasema, "Wallahi mpelekeeni mama yenu, Bi Kudura, aonje. Yeye ataijua yake."

Nilimpelekea mama masinia mawili, nyama ya kila mfuko na sinia lake. Ya kwanza aliitafuna, akalisukuma sinia kando. Ya pili ilipoingia mdomoni alifumba macho, kisha akalivuta sinia mbele yake.

"Hii yangu," alisema. "Hii ya nyumbani. Kuruthum keshakula?"

Watu walicheka kwa furaha, Aflah akafuta macho. Mimi nikapiga magoti mbele yake, nikasubiri. Alinitazama.

"Umeipika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Binti wa nani wewe?"

Niliinamisha uso. Akanipapasa mkono kwa huruma, akasema, "Mwambie mama'ko kakufunza vizuri."

Nikamwambia nitamwambia.

Nimeshalia mara tatu tangu nianze kuandika. Nilitaka anijue mimi, akaijua nyama. Lakini wewe alikutaja bila ya kuulizwa, na jana amekutaja tena. Njoo, Mama mdogo. Aflah atashughulikia viza na tiketi. Usingoje Idi nyingine, maana sijui jina lako atakaa nalo mpaka lini.

Nisalimie wanao Anuari na Nahla, na watoto wa Nahla. Hamda, mke wa Aflah, anakusalimu sana.

Mwenyezi Mungu akupe afya ya kukufikisha huku, na ambakishie dada yako macho ya kukupokea.

Wako akupendaye,
Rawya, binti wa Kudura